Povu Lililoanza kama Kasoro

(Hotuba iliyotolewa mjini Reims, Ufaransa, Jumamosi ya Siku za Urithi wa Ulaya, mbele ya wageni wanaozungumza Kiswahili waliotoka kutembelea maghala ya shampeni.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibana kule mlangoni, hamjambo.

Naona wengine bado mmejikunyata ndani ya makoti. Niliwaonya asubuhi kwamba huko chini ni nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, jua liwake au theluji ianguke. Mmoja wenu akanijibu kwamba yeye ni mtu wa Mombasa, joto analo la akiba. Nimemwona akipanda ngazi, meno yanacheza ngoma.

Mimi ni mhudumu wa meza. Kazi yangu hapa mjini kwa miaka mingi imekuwa kubeba sahani, kufungua chupa na kunyamaza. Leo nimepewa ruhusa ya kusema, kwa hiyo mnivumilie.

Nitaanzia Nairobi. Novemba 2010 kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi usioshikika, yaani desturi na ufundi wa watu, ilikutana Nairobi, na kikao hicho ndicho kilichouingiza mlo wa heshima wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Wafaransa walivuka bahari, wakaja Afrika Mashariki kuomba adabu yao ya mezani itambuliwe, na wakakubaliwa. Nikiwasimulia wapishi wenzangu hapa habari hiyo, hawaamini mpaka watafute kwenye simu. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Julai 2015, UNESCO ikaingiza katika orodha ya urithi wa dunia vilima, nyumba na maghala ya Champagne, mkoa huu wa shampeni, yakiwemo mahandaki ya kilima cha Saint-Nicaise hapa Reims. Kwa hiyo mkoa huu una mambo mawili ya kuonyesha siku kama ya leo: mahali kinywaji kinapotengenezwa, na meza kinaponywewa.

Siku zenyewe za Urithi zilianza mwaka 1984. Waziri wa utamaduni wa wakati huo, Jack Lang, aliamua kwamba Jumapili moja ya Septemba milango ya majengo ya kihistoria ifunguliwe kwa kila mtu, hata yale ambayo siku nyingine huingii bila kualikwa. Mwaka 1991 Baraza la Ulaya likaufanya mpango huo kuwa wa bara zima. Ndiyo maana leo bibi mwenye kikapu cha sokoni anaingia ofisi ya mkuu wa mkoa, anakagua mapazia, anatoka.

Sasa nina ugomvi kidogo na hadithi ambayo kila mgeni husimuliwa hapa. Kwamba mtawa mmoja, Dom Pérignon, aligundua shampeni, akaonja, akawaita wenzake waje haraka, maana alikuwa anakunywa nyota. Ni hadithi tamu. Lakini maneno ya nyota aliwekewa mdomoni na wauzaji, zaidi ya karne moja baada ya kuzikwa. Nimekuja kumtetea yule mzee kwa kumvua sifa asizozitafuta.

Pierre Pérignon alikuwa Mbenedikto, wa shirika lilelile mnalolijua kutoka Peramiho na Ndanda. Alifika abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Hautvillers, kilomita chache kutoka mji wa Épernay, mwaka 1668, akawa msimamizi wa ghala hadi alipofariki mwaka 1715. Ufundi wake ulikuwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali ili upungufu wa hili uzibwe na uzuri wa lile, na kukamua zabibu nyeusi kwa upole hadi zikatoa maji meupe. Povu? Povu alilipiga vita. Kwake lilikuwa ugonjwa wa mvinyo.

Na lilikuwa ugonjwa kweli. Huku ni kaskazini, baridi inaingia mapema. Maji ya zabibu yakianza kuchachuka Oktoba, hamira inafanya kazi wiki kadhaa, kisha baridi ya Novemba inailaza. Mtu anadhani mvinyo umekomaa, anaufunga. Machi jua linarudi, hamira inaamka, inakula sukari iliyobaki na kutoa gesi, ileile iliyomo kwenye soda. Gesi haina pa kutokea. Chupa moja inapasuka, vigae vyake vinaipiga ya jirani, na safu nzima inalia kama bunduki. Kuna miaka ghala lilipoteza nusu ya chupa zake. Watu wa kazi hizo walivaa barakoa za chuma usoni, na wapo waliopoteza macho.

Waliolipenda povu hilo mapema kuliko wengi ni Waingereza. Walikuwa wakinunua mvinyo wa Champagne kwa mapipa na kuutia kwenye chupa huko kwao. Mwaka 1662 daktari Christopher Merret aliwasomea wanasayansi wa London andiko akieleza kwamba wauza mvinyo wa nchi yake walikuwa wakiongeza sukari ili mvinyo uchangamke na kutoa povu. Hiyo ni miaka 6 kabla Pérignon hajashika funguo za ghala. Na Waingereza walikuwa na kitu ambacho Wafaransa hawakuwa nacho: vioo vyao viliyeyushwa kwa moto wa makaa ya mawe, mkali kuliko wa kuni, chupa zikatoka nene na ngumu. Nikilisema hili mbele ya wazee wa Reims, wanakohoa.

Ufaransa ilichelewa hata kisheria. Hadi mwaka 1728 mvinyo ulipaswa kusafirishwa kwa mapipa, na pipa halihifadhi povu. Mwaka huo mfalme Louis XV akaruhusu mvinyo wa Champagne usafiri kwenye chupa. Mwaka uliofuata, 1729, nyumba ya Ruinart, yaani kampuni ya shampeni, ikaanzishwa. Biashara ilikuwa ikisubiri karatasi moja tu.

Basi hapo kasoro ikawa bidhaa, lakini bado ilikuwa bidhaa chafu. Hamira ikimaliza kazi yake inakufa ndani ya chupa na kuacha mashapo, mvinyo unakuwa kama maji ya mto baada ya mvua. Ukiumimina chupa nyingine kuondoa mashapo, gesi inatoroka. Hapa ndipo anapoingia mwanamke ambaye, nikiulizwa mimi, sanamu yake ingestahili kuwa ndefu kuliko ya mtawa.

Barbe-Nicole Ponsardin alizaliwa hapa Reims mwaka 1777. Mumewe, François Clicquot, alifariki mwaka 1805, akamwachia mtoto mdogo na biashara inayoyumba. Alikuwa na miaka 27. Sheria ya Ufaransa ya siku hizo haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendesha biashara bila idhini ya mume, lakini mjane aliweza. Lile neno Veuve mlilolisoma leo kwenye chupa zenye karatasi ya manjano si jina la ukoo, maana yake ni mjane. Mama zangu mnaojua mjane anavyotazamwa huko kwetu, nani atakuja kuchukua nini, mtaelewa kwa nini aliliandika kwenye chupa bila aibu.

Yeye na mafundi wake wa ghala walilimaliza tatizo la mashapo miaka ya 1810. Husimuliwa kwamba alianza na meza ya jikoni kwake, akaitoboa matundu, chupa zikasimamishwa kichwa chini. Mashine zake mmeziona: mbao mbili zilizoegemezana kama paa la banda la kuku, kila ubao una matundu 60. Chupa inaingizwa ikiwa imelala. Kila siku fundi anaishika kitako, anaitikisa kidogo, anaizungusha kama sehemu ya nane ya mzunguko, anaiinua unywele mmoja, anaiachia. Tak-tak. Mkono wa kushoto chupa moja, wa kulia nyingine, safu hadi safu, gizani, makumi ya maelfu kwa siku. Wiki 6 hadi 8 zikipita, chupa imesimama kwa kichwa na mashapo yote yamejaa shingoni. Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi huja kula tunapofanya kazi. Akishika glasi ya maji, kifundo cha mkono wake kinazunguka chenyewe robo ya robo kabla hajaiinua, na hajui kwamba anafanya hivyo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na vizimba vya chuma vinavyobeba chupa 500 hivi kwa pamoja na kumaliza kwa wiki moja hivi. Silalamiki, mgongo wa binadamu si wa kuchezea. Baadaye shingo ya chupa inazamishwa kwenye maji ya chumvi baridi kali, mashapo yanaganda, kifuniko kinatolewa na gesi yenyewe inalirusha lile donge la barafu nje. Pengo linajazwa mvinyo wenye sukari kiasi, kizibo kinapigwa, na juu yake ule waya, ambao Adolphe Jacquesson alipata hataza yake, yaani haki ya ubunifu, mwaka 1844. Kabla ya hapo walifunga kwa kamba ya katani.

Hiyo sukari ya mwisho ina mkasa wake. Karne ya 19 Warusi walitaka shampeni tamu kama asali, gramu 150 na zaidi kwa lita. Mjane mwingine wa Reims, Louise Pommery, ambaye ndiye aliyenunua machimbo ya kale ya chaki na kuyafanya maghala, akasikiliza Waingereza waliotaka kikavu, yaani kisicho na utamu mwingi, na mwaka 1874 akatoa shampeni kavu iliyobadilisha ladha ya soko zima. Leo neno brut kwenye chupa linamaanisha sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Na mfamasia mmoja wa mji wa Châlons, Jean-Baptiste François, ndiye aliyeonyesha miaka ya 1830 namna ya kupima sukari kabla ya kufunga chupa, ili gesi isizidi na chupa zisipasuke. Hesabu mtawa, daktari wa London, wajane wawili, mfamasia, na wazungushaji wa chupa ambao majina yao hayapo popote. Halafu sanamu ikajengewa mmoja.

Mashambani sitakaa sana, ingawa mimi ni mtoto wa Dodoma na zabibu nimezijua kabla ya kujua kusoma. Kwetu mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, na nilipofika huku nikaambiwa mavuno ni mara moja tu, nikawahurumia. Hapa ni lazima kuvuna kwa mkono, mashine hairuhusiwi, kwa sababu zabibu nyeusi ikichubuka kabla ya kukamuliwa inatia rangi maji yake. Kilo 4,000 za zabibu haziruhusiwi kutoa zaidi ya lita 2,550. Sheria hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1911 wakulima wa bonde la Marne, wakiwa wametoka kwenye mavuno mabaya ya mwaka uliotangulia, walichoshwa na wafanyabiashara walioleta zabibu za mikoa mingine na kuziita Champagne. Wakaingia mji wa Aÿ, wakavunja maghala, wakamwaga mvinyo barabarani, wakachoma nyumba. Jeshi likaitwa. Mipaka na masharti yaliyokuja baadaye, hadi sheria ya 1936, yalitokana na hasira ile. Usemi kwamba mkulima ndiye mtu wa mwisho kulipwa haukuanzia kwetu.

Jambo moja la chini kabla sijapanda mezani. Zile kuta za chaki mlizozigusa, zenye majina na tarehe zilizokwaruzwa: Septemba 1914, wiki kama hizi, mizinga ya Wajerumani ilianza kuupiga mji huu. Tarehe 19 kanisa kuu likaungua. Watu wa Reims wakashuka maghalani, wakaishi humo miezi na miaka, wakalala kati ya chupa. Watoto walisoma humo, madarasa kamili, ubao na mwalimu. Juu, wanawake na watoto walivuna zabibu mizinga ikilia. Leo mmesimama humo nusu saa mkaniomba kahawa.

Sasa meza.

Wale wa UNESCO waliokaa Nairobi hawakuingiza chakula fulani kwenye orodha. Waliingiza desturi: mlo wa kuadhimisha jambo, arusi, kuzaliwa, kukutana baada ya muda mrefu. Unaanza na kinywaji cha kufungulia, kisha angalau hatua nne, yaani kianzio, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, na kitamutamu, halafu kinywaji cha kufungia. Mvinyo unaolewana na chakula. Meza iliyopambwa. Na mazungumzo. Mfaransa akila kwa muda wa saa nne usilishangae tumbo lake, anazungumza.

Msidhani pia kwamba kula hatua kwa hatua ni desturi yao ya tangu Adamu. Wafalme wao walitandikiwa vyakula vyote kwa pamoja, mezani panajaa, kila mtu anajipakulia kilicho karibu, kama sisi na sinia la pilau, kachumbari pembeni, ndizi juu. Kuleta sahani moja baada ya nyingine kunahesabiwa kuwa kulitoka Urusi, na anayetajwa ni balozi wao hapa Paris, Aleksandr Kurakin, mwaka 1810 hivi. Kwa hiyo mtoto wa Kifaransa akiwacheka kwa kutenga vyote mara moja, mwambieni mnakula kama Louis XIV.

Mambo madogo ya kujua, kwa kuwa mtakaa nao leo. Uma hapa unalazwa meno yakitazama chini. Mikono iwe juu ya meza, vifundo vikigusa ukingo. Kwetu mkono wa kushoto unajificha, hapa mkono uliojificha unatiliwa shaka. Mkate unawekwa kwenye kitambaa cha meza kando ya sahani, unakatwa kwa mkono, na haugeuzwi chini juu. Wazee husimulia kwamba mkate uliogeuzwa ulikuwa wa mnyongaji, mwokaji alimtengea hivyo ili mteja mwingine asiuchukue. Mkigonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni. Glasi shikeni mguu wake, kiganja kinaupasha moto mvinyo. Ile glasi pana ya bakuli ambayo inasemekana ilifinyangwa kwa titi la malkia Marie-Antoinette, hiyo ni porojo, na povu linatoroka humo haraka. Na biskuti za waridi mtakazoziona, za Reims hizi, zinaokwa mara mbili zikawa ngumu makusudi, ili zichovywe. Ukiitafuna kavu utanilaumu bure.

Chupa kubwa pale mezani zina majina ya wafalme na wazee wa Biblia, mtayatambua. Lita 3 ni Yeroboamu, lita 6 ni Methusela, lita 15 ni Nebukadreza. Katekista wangu wa Dodoma angeanguka.

Kuhusu kufungua, niwakirie jambo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye karamu ya arusi, nilipewa chupa iliyotoka kubebwa kwa kukimbizwa, haijapoa sawasawa. Nikatoa waya, nikageuka kumjibu mtu aliyeniita. Ndani mna shinikizo zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Kizibo kikaenda kwenye taa ya darini, povu likaenda kwenye kofia ya bibi wa bwana arusi. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mkubwa wangu hakupiga makofi. Alinisimamisha jikoni na chupa tupu na kizibo, nikarudia ule mshiko mpaka wapishi wakachoka kunicheka: chupa ielekee ukutani, kidole gumba kisitoke juu ya kizibo hata sekunde moja, waya ulegezwe nusu mzunguko mara sita, kisha zungusha chupa, kizibo ukishikilie kama unamzuia mtoto mlangoni. Kinatoka kwa pumzi tu. Mlio wa bunduki ni wa washindi wa mbio za magari.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, na wengine msiokunywa kwa sababu zenu ambazo hazinihusu: hakuna atakayewauliza, na akiuliza nionyesheni. Mmeshuka ghalani, mmesikia habari za mjane na za watoto wa shule, mtakaa mezani hatua zote nne. Upande wa dirishani kuna maji ya zabibu ambayo hayakuchachuka, ya baridi, kutoka mashamba haya haya, na nimeyaweka kwenye glasi zilezile za mguu mrefu. Nyama za upande huo zimenunuliwa kwa mchinjaji wa Kiislamu wa mtaa wa pili, risiti ninayo mfukoni.

Basi wazee watangulie, mama zangu wafuate, vijana mlio mlangoni mnawe mikono kwanza, bomba liko nyuma ya pazia. Kianzio kinatoka sasa hivi. Jibini itapita baadaye, na ndani yake kuna brie, kipande chenye ncha kama mkuki. Hapa ukiikata ile ncha peke yake ukawaachia wenzako maganda, inasemwa umekata pua ya brie, na mwenyeji anakukumbuka miaka. Nitakuwa nimesimama karibu nayo, na kisu ninacho mimi.